Ukadhalika wa Baba Mkubwa

Jumatatu, 3 Februari

Baba Mkubwa, shikamoo.

Natumaini hujambo na mguu umepata nafuu. Ningekupigia simu, lakini wewe simu huipokei, na siku ukiipokea unasema "nimesikia" kisha unakata, mtu anabaki amelishika sikio lake. Kwa hiyo nimeamua kukufuata kwa njia unayoiheshimu, karatasi na stempu.

Nina mambo mawili. La kwanza ni la kazini. Mhariri wetu amenipa ukurasa wa nyuma wa gazeti, kila Ijumaa, niandike juu ya maneno ambayo watu huyatumia majumbani mwao na hayamo katika kamusi yoyote. Nafasi hii nimeingoja tangu enzi za kusahihisha matangazo ya vifo kwenye ile meza ya chini ya ngazi. Sikuhitaji hata kufikiri neno la kuanza nalo. Ni ukadhalika.

Unavyojua, kwetu mtu akianza kusema kwa maneno mapana kuliko jambo lenyewe, anakatishwa palepale: acha ukadhalika. Fundi bomba alipomweleza Mama kwamba mfumo wa maji umekumbwa na changamoto ya kimsingi, Baba alimwambia aache ukadhalika, aseme bomba limepasuka. Hata mimi niliambiwa hivyo siku niliyofeli hesabu nikarudi nyumbani na maelezo marefu. Neno hili tulizaliwa tukalikuta ndani, kama tulivyolikuta kabati. Sasa Mhariri anataka asili yake, nani alilianzisha na kwa nini. Baba nikimuuliza anacheka mpaka anapaliwa, halafu anasema nikuulize wewe. Ndiyo nakuuliza.

La pili ni langu mwenyewe. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tano naolewa na yule fundi wa friji. Tutafanyia nyumbani kwa Baba, pale uani. Desturi ya ukoo wetu unaijua kuliko mimi, kwamba bibi harusi hatoki chumbani mpaka msemaji wetu amalize kusema. Baba hawezi kusimama mbele za watu, magoti yanamgongana. Nakuomba msemaji wangu uwe wewe. Wote wanasema utakataa, maana hujawahi kusema mbele za watu tangu nizaliwe. Wakosoe, tafadhali.

Mwanao,
Kidomo


Jumatano, 12 Februari

Kidomo,

Marahaba. Barua imefika. Mguu nafuu. Hongera. Ufundi friji kazi nzuri. Kusema, hapana. Tafuteni mwingine.

Ama kuhusu neno uliloliulizia, mwanangu, yakupasa kwanza uelewe kwamba maneno, kama yalivyo mambo mengi yanayomzunguka binadamu katika safari yake hapa duniani, yana chimbuko, na chimbuko hilo nalo lina vijito vyake, na vijito navyo kadhalika. Wapo wanaosema, na hoja zao si za kubezwa, kwamba neno hilo lilitokana na karani mmoja wa bohari aliyechoka kuhesabu, akawa kila akifika katikati ya bidhaa anaandika kadhalika na kwenda zake kulala. Wapo wengine wanaoshikilia kwamba lilizaliwa kambini, kwa kiongozi wa gwaride aliyependa kusikia sauti yake. Mimi binafsi, baada ya kulitafakari suala hili kwa kina na mapana yake, naegemea upande wa wale wanaoamini kuwa lilikuja na mabaharia, ingawa ni mabaharia gani, wa kutoka wapi, na walikuwa wakisema nini, hayo wataalamu wenyewe bado wanavutana.

Kwa hiyo andika kwamba asili yake haijulikani. Itatosha.

Baba yako Mkubwa


Alhamisi, 20 Februari

Baba Mkubwa, shikamoo tena.

Barua yako nimeisoma kwa Mhariri. Alisikiliza mpaka kwa mabaharia, akavua miwani, akauliza, "Huyu mzee anaficha nini?"

Nami nikaitazama upya. Wewe ulikuwa karani wa telegramu, Baba Mkubwa. Kazi yako yote ilikuwa kupunguza maneno. Umenisimulia mwenyewe kwamba mteja alikuwa anakuja dirishani na karatasi imejaa "napenda kukujulisha kwa masikitiko kwamba mama yetu mpendwa hali yake si nzuri", nawe unamfyekea mpaka inabaki "mama mgonjwa njoo". Mistari yako ya mwanzo ndiyo wewe ninayekujua. Yule aliyeandika habari za vijito simjui, na kwa heshima zote, alikuwa ananipiga danadana.

Basi nikaenda kwa Shangazi. Nilimkuta anaanua nguo, na kabla hajafika kwenye shuka alikuwa ameshanimwagia yote. Anasema neno lilizaliwa siku ya harusi ya Baba na Mama, na msemaji alikuwa wewe. Ulisimama ukasema mpaka chakula kikapoa, kikapashwa moto, kikapoa tena. Bibi alisinzia akiwa amekaa wima. Uliisifu familia ya kina Mama, kadhalika nyumba yao, kadhalika mlango wa nyumba, kadhalika bawaba za mlango, na hapo kwenye bawaba ndipo watu walipoanza kufinyana. Jioni yake Baba, aliyekuwa amevaa viatu vya kuazima vinavyombana, akatangaza kwamba kaka yake nusura amuue kwa ukadhalika. Neno likapata miguu. Shangazi anasema tangu siku ile ukiombwa kusema unaumwa koo.

Baba Mkubwa, nimeona haya. Maisha yangu yote nimelisema neno lile mbele yako, mezani kwako, huku nimeshika kikombe ulichonimiminia wewe, nikidhani ni neno tu. Hukuwahi hata kukunja uso. Naomba radhi kwa niaba yangu na ya mdomo wangu.

Lakini sielewi. Mtu wa "mama mgonjwa njoo" anafikaje kwenye bawaba?

Mwanao,
Kidomo


Jumapili, 2 Machi

Kidomo,

Ni kweli. Nilikuwa mimi. Usione haya. Huna kosa. Andika kwenye gazeti, watu wacheke.

Sababu, kama unaitaka, ni ile ya kawaida inayowakumba vijana wengi pindi wanapojikuta wamekabidhiwa hadhira, nayo ni majivuno, yaani ile hali ya mtu kujiona na kujisikia na kadhalika kujipendeza mbele ya kadamnasi pasipo kuzingatia kwamba kadamnasi nayo ina njaa zake. Nilikuwa kijana, nilikuwa na suti mpya, na suti mpya, mwanangu, humfanyia kijana mambo ambayo ukiyachambua kwa makini utakuta si mageni katika historia ya suti.

Kusema siku yako, bado hapana. Nitakuja, nitakaa mbele, nitavaa vizuri.

Mama yako usimsumbue kwa maswali haya. Ana presha.

Baba yako Mkubwa


Jumanne, 11 Machi

Baba Mkubwa, shikamoo.

Mama hana presha. Mama anapanda ngazi na gunia la mkaa upesi kuliko mimi na mkoba wangu. Kwa hiyo nilipoona umeniambia nisimuulize, nilivaa viatu nikaenda kumuuliza.

Nilimkuta jikoni. Nikamsomea nilichokwisha kuandika kwa ajili ya Ijumaa, viatu vya Baba, usingizi wa Bibi, bawaba na vyote, nikitegemea atacheka kama tunavyocheka siku zote. Hakucheka. Sufuria ikaungua mbele yake anaitazama. Kisha akaichukua karatasi yangu, akaikunja vizuri, akaitia kwenye mfuko wa aproni, akaniambia haitatoka gazetini. Nilipouliza kwa nini, aliniambia nipange kabati la vyombo. Nimepanga kabati la vyombo, Baba Mkubwa, katika umri huu.

Tangu hapo nimekuwa nikiunganisha mambo. Ukija nyumbani, Mama anakupakulia wewe kwanza, kabla ya Baba. Baba akisema neno lile, Mama huwa anainuka kwenda kutafuta chumvi, hata kama chumvi iko mezani. Na wewe siku ile ulisema kama mtu asiyetaka harusi ifike mwisho.

Sijui hili nalisemaje. Nitalisema tu, maana ndiyo tabia yangu na ndiyo jina langu. Je, ulikuwa unampenda Mama?

Kama ni hivyo sitamwambia mtu. Ila niambie, maana sasa hivi siwezi hata kumtazama Baba akivua viatu.

Mwanao, mwenye wasiwasi,
Kidomo


Jumatatu, 17 Machi

Kidomo,

Hapana. Punguza riwaya.

Baba yako Mkubwa


Alhamisi, 20 Machi

Shemeji yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi wazima, mdogo wako naye mzima, amenunua kofia mpya ya harusi na anailalia mchana ili izoee kichwa.

Mtoto amenionyesha kijibarua chako cha maneno mawili matatu. Nimecheka mpaka nikakaa chini, kisha nikafikiri, hili jambo nimekubebesha muda mrefu mno. Mwambie, Shemeji. Nimejaribu mwenyewe na nikashindwa, kila nikifungua mdomo naishia kumtuma apange kabati. Wewe utalisema kwa mpango. Mume wangu nitamwambia mimi, na nitamwambia kabla ya harusi, usiwe na hofu.

Mara ngapi nilitaka kusimama mezani niseme, nyamazeni, hamjui mnamcheka nani. Halafu nakutazama, nakuona unacheka nao, unacheka vizuri kabisa, nami nanywea. Ulinilinda hata kwa kucheka kwako. Sijawahi kukushukuru kwa sababu kila ninapoanza unaulizia hali ya kuku.

Liko na jingine. Huyu binti siku hizi anazungumzia viti, anazungumzia turubai, anazungumzia gazeti lake. Yule kijana hamtaji. Nimemuuliza kama yu salama, akaniambia viti havitoshi. Mimi ni mama yake, akiniona nakuja na swali anashika ufagio. Wewe anakuandikia.

Wako,
Shemeji yako


Jumamosi, 29 Machi

Kidomo,

Mama yako ameniruhusu. Kaa ndipo usome.

Harusi ilikuwa nyumbani kwao mama yako. Kabla ya kusimama kusema nilizunguka nyuma kunawa mikono. Dirisha la chumba likafunguka kidogo. Alikuwa yeye, amekwisha kuvishwa. Nilikuwa sijawahi kuzungumza naye peke yake. Aliniambia hivi, nami sijasahau hata neno moja: "Shemeji, tangu asubuhi kila mtu ananiuliza kama nimelipenda gauni. Hakuna aliyeniuliza kama nimempenda mtu. Nipe nafasi nijiulize mwenyewe."

Nikamuuliza anataka nafasi ya muda gani. Akasema hajui. Basi tukapatana. Nitasema mpaka afungue mlango. Akifungua, amekubali, nami nitanyamaza. Asipotaka, mlango wa jikoni uko wazi, aende zake, na mimi ndiye nitakayewaambia watu, nikianza na mdogo wangu.

Uelewe nilikuwa nimeahidi nini. Yule aliyekaa pale mbele na viatu vya kubana ni mdogo wangu, niliyempeleka shule kwa mkono wangu. Ningeweza kumwaibisha mbele ya ukoo mzima. Niliogopa. Lakini nikaona kumpa mke aliyesukumwa ni kumpa ugonjwa.

Nikasimama. Nilikuwa nimejiandalia maneno machache, yakaisha watu hawajamaliza hata kuvuta viti. Nikautazama mlango. Umefungwa. Nikasema kadhalika. Neno hilo nililichukia kuliko yote, nilikuwa nalifyeka kwenye telegramu za watu kila siku ya kazi. Sasa likaja lenyewe, na nyuma yake yakaja mengine yote niliyowafyekea wateja, kana kwamba yalikuwa yamepanga foleni. Mlango niliusifu kwa sababu ndio niliokuwa nautazama. Bawaba ni kwa sababu nilikuwa naziomba zisogee.

Nikaona watu wananicheka. Nikaona baba yako anachemka. Nikaendelea. Mlango ukafunguka, mama yako akatoka anatabasamu, na tabasamu lile hakuna aliyemvisha. Nikakaa. Sentensi sikuimalizia, muulize Shangazi yako.

Jioni mdogo wangu akatunga neno lake. Ningemjibu nini, kwamba mkewe alisita? Nikacheka. Nikawa nacheka kila likisemwa. Sitakudanganya, liliniuma. Si neno lenyewe, bali kwamba nikisimama popote watu wanaanza kutabasamu kabla sijafungua kinywa. Siku ya kumzika Bibi yako nilikuwa na la kusema. Nilikaa nalo.

Majivuno na suti ni uongo. Mabaharia pia.

Sasa wewe. Barua zako nimezisoma upya. Yumo Mhariri, yumo Shangazi, imo sufuria. Fundi wa friji yumo mara moja, kwa mstari mmoja. Sikulaumu, nauliza tu. Na jibu langu la awali nalifuta. Nitasimama. Nitasema mpaka wewe mwenyewe ufungue mlango, hata jua lizame. Usipofungua, nitawaambia watu mimi. Maneno siku hizi ninayo.

Baba yako Mkubwa


Jumapili, 6 Aprili

Baba Mkubwa wangu,

Shikamoo, na nyingine juu yake kwa miaka yote nilipokuwa nakuamkia haraka haraka nikimbilie mezani.

Nimelia, nikacheka, nikalia. Jirani akagonga ukuta kuuliza kama kuna msiba. Ukurasa wa Ijumaa nimeujaza neno jingine, Mhariri amenuna, atazoea. Lako halitatoka bila wewe na Mama kutaka.

Umenishika pabaya kwenye ule mstari mmoja. Basi nitasema. Si kwamba simpendi. Ni kwamba hasemi. Mimi nimelelewa kwenye nyumba ambayo hata bomba likipasuka linajadiliwa, na huyu anaweza kukaa sebuleni tangu chai mpaka chakula, akatengeneza swichi ya taa iliyoharibika bila kuombwa, akaaga, akaenda. Sijui ule ukimya una mtu ndani au ni chumba kitupu. Rafiki zangu wa ofisini waume zao waliwaandikia kurasa nzima. Mmoja aliambiwa yeye ni nyota, mwezi na jua, nikajiuliza huyo bwana anaona njia kwa mwanga gani mwingine.

Mwezi uliopita nilimuuliza waziwazi kwa nini anataka kunioa mimi. Akaniambia, "Nipe nikafikirie." Nilikasirika karibu nimrudishie pete. Akaenda. Akarudi baada ya siku kadhaa, hajatua hata mfuko wa vyuma begani, akasimama mlangoni akasema, "Ukiingia ndani, nafurahi." Basi. Akaniuliza kama friji bado inavuja.

Ndiyo jibu nililopewa, Baba Mkubwa. Nimelala nalo na kuamka nalo. Sijui kama linatosha.

Mwanao,
Kidomo


Jumatatu, 14 Aprili

Kidomo,

Kuamua ni kwako. Nitasimama vyovyote vile.

Ila nakuambia kama karani. Kijana huyo angekuja dirishani kwangu na maneno hayo matatu, nisingepata la kufyeka.

Baba yako Mkubwa


Jumatano, 11 Juni

Baba Mkubwa, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa kwangu. Meza bado haijafika, naandikia juu ya friji, ambayo haivuji. Mwenye friji anakusalimu. Nilimwambia anisaidie salamu ndefu kidogo, akafikiri, akasema, "Sana."

Ya nje ya siku ile huna haja ya kusimuliwa, uliyatengeneza wewe. Nasikia ulipoinuka watu walitabasamu kama ulivyohofia, na ulipofika kwenye kadhalika ya kwanza mpiga picha akaketi kabisa. Nasikia pia kwamba baadaye, wale wa safu ya nyuma walipoanza kutazama saa, Baba alisimama, magoti yanagongana vilevile, akawaambia, "Mwacheni aseme." Shangazi anasema hajawahi kumsikia akisema kwa sauti ile.

Mama alikuwa amemwambia Baba wiki mbili kabla. Alinieleza baadaye kwamba Baba alicheka kwanza, akidhani ni utani, kisha akaacha, akatoka akaenda kukaa ndani ya gari peke yake na kofia yake mpya. Aliporudi aliuliza kitu kimoja tu, kama kaka yake siku ile alikuwa amekula. Mama akamjibu kwamba hakula, chakula kilipoa. Ndiyo maana siku ya harusi yangu ulipakuliwa kabla ya kusimama, na aliyekupakulia alikuwa Baba mwenyewe. Uliliona hilo, najua, ila hukujua lilikotoka.

Ukurasa wangu unatoka Ijumaa ijayo, ukadhalika na asili yake yote. Baba ndiye aliyenitaka niandike, tena ameniambia ile sehemu yake nisiipake asali. Mama amekubali kwa sharti kwamba nisitaje jina la mtu. Wewe ukikataa, sitoi.

Sasa ya ndani, ambayo hakuna anayeyajua isipokuwa wawili. Mimi nilikuwa nimeshaamua tangu ulipofika ujumbe wako wa karani. Nilipanga ukisema maneno mawili tu nifungue mlango, nisikuchoshe mguu. Nilikuwa nimeshainuka, mkono uko kwenye kitasa, nikasikia mtu anagonga mlango ule mwingine, wa upande wa jikoni. Alikuwa Baba. Hakuingia. Nilimsikia anavyohema, maana alikuwa amezunguka nyumba nzima kwa haraka ili watu wasimwone.

Akasema, "Mwanangu, kaka bado anasema huko nje, na nimemwambia asiharakishe. Nimekuja kukuuliza kitu ambacho mama yako hakuulizwa na mtu. Unamtaka?"

Nikamwambia namtaka. Akauliza mara ya pili, polepole, kama mtu anayejaribu ngazi kabla ya kupanda. Nikajibu vilevile. Nilidhani baada ya hapo ataondoka ili nitoke. Badala yake nikasikia anavuta kigoda cha jikoni, anakaa, anavua kofia.

"Basi usifungue kwanza," akasema. "Sasa anaeleza faida za mwavuli, na mimi ile mara ya kwanza sikumsikiliza."

Mwanao,
Kidomo